Jicho la Mlinzi Linapozeeka



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake, ndugu msomaji, juma hili tunaizungumzia neema ya macho. Tumezoea kuitaja neema hii tukiwa mbele ya msahafu au mbele ya sindano na uzi. Leo tutaitaja tukiwa mbali na pwani yetu, Lodwar na Kakuma, kaunti ya Turkana, ambako wako wazee wanaolinda mifugo na watu kwa bunduki za Serikali, na macho yao yanazeeka kama yanavyozeeka yangu na yako.

Swali linaloulizwa na walinzi wa namna hiyo duniani kote ni hili: mtu aliyezoea kulenga shabaha kwa vilengeo vya chuma, naye sasa havioni vizuri, je, ahamie kwenye kilengeo cha nukta nyekundu? Swali hili lina upande wa ufundi na upande wa dini. Upande wa ufundi ni wepesi kuliko tunavyodhani. Ulio mzito ni upande wa amana, na huo hauwahusu wenye bunduki peke yao.

Walinzi wa nchi kavu

Turkana iko katika pembe ya kaskazini magharibi ya Kenya, ikipakana na Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia. Lodwar ndio makao makuu ya kaunti, mji ulioko kando ya mto Turkwel. Wengi wetu tunaukumbuka katika historia kwa sababu Mzee Jomo Kenyatta aliwekwa huko baada ya kutolewa kifungoni Lokitaung. Ukitoka Lodwar kuelekea Lokichoggio, mwendo wa kilomita 120 hivi, unafika Kakuma, penye kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, na karibu yake makazi ya Kalobeyei. Humo wamo Wasomali, Wasudan, Wakongo, Waethiopia na wengineo. Ipo misikiti na vyuo vya Qur'ani, na wako vijana wa pwani waliokwenda kule kufanya biashara, kufundisha, au kutumikia Serikali katika polisi.

Nje ya miji hiyo ardhi ni pana na watu ni wachache. Mali ya mtu ni ngamia, ng'ombe, mbuzi na punda wake. Wizi wa mifugo wa kutumia silaha umeua watu wengi katika nchi hiyo na kwa majirani zake. Mwezi Februari mwaka 2023 Serikali ilianzisha operesheni iliyoitwa Maliza Uhalifu katika kaunti sita za Bonde la Ufa kaskazini, Turkana ikiwamo. Lakini kituo cha polisi hakiwezi kuwapo penye kila kisima na kila boma. Kwa sababu hiyo, tangu enzi za mkoloni, kumekuwapo na polisi wa akiba, raia waliochaguliwa kutoka katika jamii zao na kupewa bunduki ya Serikali kulinda watu wao. Kikosi hicho kiliundwa mwaka 1948, na wenyeji wengi hadi leo hukiita KPR, ingawa sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 ilikipa jina jipya. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya kujitolea, haina mshahara.

Bunduki walizokuwa nazo aghalabu ni G3 au aina za AK-47, nazo hulengwa kwa chuma kitupu. Karibu na jicho pana kipande chenye mwanya au tundu. Mbele, karibu na ncha ya mtutu, pana kinundu kilichosimama. Mlengaji hukiweka kinundu katikati ya mwanya, kisha huvipeleka vyote viwili juu ya shabaha. Ni chombo cha kale, chepesi kukielewa, hakihitaji betri, wala mvua na vumbi havikisumbui. Kinachokisumbua ni umri wa anayekitazama.

Jicho lina umri wake

Katika Surat Al-Ahqaf, Mola wetu ameutaja umri wa miaka 40 kuwa ni umri wa mtu kukamilika nguvu na kumwelekea Mola wake kwa shukurani. Na katika Surat Yasin ametukumbusha kwamba anayepewa umri mrefu hurudishwa nyuma katika umbile. Wataalamu wa macho nao wanautaja umri huo huo wa miaka 40 kuwa ndipo mabadiliko yaliyokuwa yakienda kimya tangu utotoni yanapoanza kujulikana.

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, mna lenzi laini. Mtu anapotazama mbali, lenzi hiyo hupumzika. Anapotazama karibu, msuli mdogo huifanya itune, na kile cha karibu kikaonekana wazi. Kadiri miaka inavyopita lenzi hukakamaa, nayo haikubali tena kutuna. Mtoto wa miaka 10 mwenye macho mazima anaweza kukiona wazi kitu kilichoko sentimita 7 tu kutoka kwenye jicho lake. Akifika miaka 40 umbali huo huwa umefika kama sentimita 22. Akifika 50, kama sentimita 40. Na akifika 60, hufika kama mita moja. Ndiyo maana babu huusukuma msahafu mbali hadi mkono ukamwishia, na bibi akamwita mjukuu amtungie uzi.

Sasa tupige hesabu ya bunduki. Kutoka kwenye jicho la mlengaji hadi kwenye kinundu cha mbele ni takriban sentimita 70, kama urefu wa mkono. Kwa hiyo mlinzi wa miaka 45 anaweza kuwa amekwisha kushindwa kusoma maandishi ya kijikaratasi cha dawa, na bado akakiona kinundu chake. Kati ya miaka 50 na 60 kinundu nacho huanza kuyeyuka. Kwanza huwa na kivuli pembeni, kisha huonekana kama viwili, mwisho huwa ukungu. Ajabu yake ni kwamba shabaha iliyoko mbali anaiona vizuri kama zamani, na hapo ndipo mtu hudanganyika akasema macho yake ni mazima.

Jicho, hata la kijana, haliwezi kuona wazi vitu vitatu vilivyo katika umbali tofauti kwa wakati mmoja. Mwanya ulioko karibu, kinundu cha katikati na shabaha ya mbali vyote vinadai haki yao. Kijana hufaulu kwa sababu lenzi yake huruka upesi kutoka kimoja hadi kingine, kisha hutulia kwenye kinundu. Mzee hana tena mruko huo. Na giza linapoingia mboni hufunguka zaidi, na kila kilichokuwa ukungu mchana huwa ukungu mzito zaidi.

Mzee mmoja wa kule, aliyewahi kuishika bunduki ya akiba kwa miaka mingi, alinieleza jambo hili kwa maneno mafupi kuliko yangu. Tulikuwa tumekaa nje ya msikiti Lodwar baada ya swala ya alasiri, yeye juu ya ekicholong yake, kile kigoda kidogo ambacho wazee wa Kiturkana hukalia mchana na kulazia kichwa usiku.

"Sheikh," alisema, "mbuzi aliye ng'ambo ya laga namjua ni wa nani kwa rangi ya sikio lake. Lakini hiki chuma kilichoko mbele ya uso wangu kimegeuka moshi."

Nikamwuliza, "Na ulifanya nini, mzee wangu?"

"Mwanzo nilinyamaza. Ukisema huoni, kesho watakuambia ulete bunduki. Na ukirudisha bunduki, nani atakaa na mbuzi wa watoto wako? Kisha jioni moja nikamwona mtu anakuja kutoka upande wa mlima. Nikainua bunduki. Sikumjua mpaka alipoita. Alikuwa mtoto wa jirani yangu, anatafuta ngamia aliyepotea. Siku hiyo nilimwambia mwanangu: chukua wewe jina langu ulipeleke kwa chifu."

Ndugu msomaji, masimulizi haya tuyaweke mbele yetu katika yote yatakayofuata. Saa ya magharibi, katika nchi ile, mwizi wa ng'ombe na mtoto anayetafuta ngamia hutokea kwenye njia moja na kwa mwendo mmoja.

Nukta nyekundu ni nini?

Watu wengi hudhani kilengeo cha nukta nyekundu ni mwali unaotupwa hadi kwenye shabaha, kama tunavyoona katika filamu. Sivyo. Huo ni mwanga wa leza, na ni chombo kingine. Kilengeo tunachokizungumzia ni kijidirisha cha kioo kinachofungwa juu ya bunduki. Ndani yake mna kitaa kidogo sana kinachomulika kwenye kioo kilichopindwa na kupakwa rangi maalumu. Kioo hicho huurudisha ule wekundu kwenye jicho la mlengaji na kuuachia mwanga mwingine wote upite. Anayetazama kutoka mbele haoni nukta yoyote, ila yule aliye nyuma ya bunduki peke yake.

Siri yake ni namna mwanga unavyorudi. Kioo huurudisha ukiwa umenyooka sambamba, kama mwanga unaotoka mbali sana. Kwa hiyo, ingawa kitaa kiko sentimita chache tu mbele ya uso, jicho linakipokea kama kwamba kiko mbali pamoja na shabaha. Vitu vitatu vimekuwa kama kimoja. Lenzi iliyokakamaa haiombwi tena kutuna, na mzee anatumia ule uoni wa mbali ambao umri haujamnyang'anya. Zaidi ya hayo, anaweza kuyafungua macho yote mawili akaona yanayotokea pembeni, jambo ambalo aliyefumba jicho moja haliwezi.

Fikra yenyewe si changa. Mwaka 1900 Howard Grubb, mtengenezaji wa darubini za nyota wa Dublin huko Ireland, alisajili kilengeo cha kurudisha mwanga kwa kioo. Marubani wa ndege za kivita walikitumia katika vita vikuu vya dunia. Mwaka 1975 kampuni ya Aimpoint ya Uswidi ikatoa cha kwanza kilichotumia kitaa cha umeme kwa bunduki za mkononi, na mwishoni mwa miaka ya 1990 jeshi la Marekani likaanza kuwapa askari wake kwa wingi. Leo katika nchi nyingi wanaokitumia ni vijana kwa wazee, lakini wazee ndio wanaokishukuru zaidi.

Wala Waislamu si wageni katika elimu hii. Al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra takriban mwaka 965 na kuishi Cairo, ndiye aliyethibitisha katika Kitab al-Manazir kwamba tunaona kwa mwanga unaoingia jichoni, wala si kwa mwali unaotoka jichoni kama walivyodhani wengi waliomtangulia. Miwani ilipozuka Italia mwishoni mwa karne ya 13, na kilengeo cha Grubb kilipokuja baadaye, vyote viliingia kwa mlango huo.

Mipaka ya chombo

Pamoja na faida hiyo, si haki kukisifu chombo hiki kupita kiasi chake.

Kwanza, kinategemea betri. Vilivyo bora hudumu miaka kwa betri moja, lakini betri ina mwisho, na Turkana si Mombasa, ambako duka liko kila kona. Kwa hiyo wenye hekima hawaving'oi vilengeo vya chuma, huviacha vikawa akiba.

Pili, ni kioo, na nchi ya Lodwar ni ya vumbi na upepo mkali. Kioo kilichojaa mchanga na alama za vidole hakina msaada. Aliyezoea kusugua chuma kwa kitambaa chochote itambidi ajifunze adabu mpya ya kufuta kioo.

Tatu, si kila jicho huiona nukta kuwa nukta. Uso wa jicho la baadhi ya watu haukupindika sawasawa pande zote, hali ambayo wataalamu huiita astigmatizimu. Mwenye hali hiyo huona mstari, au nyota yenye miguu, au zabibu mbili zilizoshikana. Huyo dawa yake ni miwani iliyopimwa, na hakuna kilengeo kitakachomwondolea shida hiyo.

Nne, chombo hiki hakikuzi shabaha wala hakitibu ugonjwa. Mwenye mtoto wa jicho, yaani lenzi iliyoingia ukungu wenyewe, ataona nukta nyekundu safi juu ya dunia yenye ukungu, na huo ni msiba zaidi ya mwanzo. Turkana ni miongoni mwa kaunti za Kenya zilizoandamwa na trakoma, ule ugonjwa wa vikope unaoenea kwa nzi na kwa nyuso zisizooshwa kwa uhaba wa maji. Usipotibiwa, kope hugeukia ndani zikaukwaruza uso wa jicho hadi ukapofuka. Shirika la Afya Duniani linahimiza mambo manne dhidi yake: upasuaji wa kope zilizogeuka, dawa za antibayotiki, usafi wa uso, na kuboresha mazingira kwa maji na vyoo. Mwenye maradhi hayo anahitaji daktari kabla ya fundi wa bunduki.

Tano, na ndilo kubwa, nukta humwambia mtu risasi itakwenda wapi. Haimwambii ni nani aliyesimama pale. Mzee wetu wa Lodwar hata angekuwa na kilengeo bora cha Uswidi, mtoto wa jirani yake angebaki kuwa kivuli cha magharibi mpaka alipoita. Chombo kinachorahisisha kulenga kinaweza hata kumharakisha mtu mahali ambapo angesita. Kumjua mtu kwanza ni kazi ya jicho, akili na subira, na hiyo haiuzwi dukani.

Njia nyepesi zaidi

Kilengeo kimoja madhubuti cha nukta nyekundu kinaweza kugharimu thamani ya kundi dogo la mbuzi. Na bunduki ya polisi wa akiba si yake, ni ya Serikali. Hana ruhusa ya kuitoboa wala kuifunga kitu kwa hiari yake, sembuse kununua vifaa kwa njia za magendo. Uamuzi huo ni wa waliomkabidhi. Lakini kabla ya kufika huko, ziko njia ambazo hazimgharimu mtu mali nyingi.

Ya kwanza ni kupima macho. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Lodwar, na huko ndiko pa kuanzia. Wengi wanaodhani macho yamekwisha wanahitaji miwani tu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, lilikadiria kwamba watu milioni 826 duniani wana udhaifu huu wa kuona karibu unaotokana na umri bila ya kupata msaada unaofaa, na msaada wenyewe aghalabu ni miwani.

Lakini hapa pana jambo la kufahamu. Miwani ya kusomea imepangwa kwa umbali wa kitabu, kama sentimita 35 au 40. Mlengaji akiivaa, kinundu hakitakaa sawa, na shabaha ya mbali itapotea kabisa. Anayohitaji ni miwani dhaifu kuliko hiyo, iliyopimwa kwa umbali wa kinundu chake. Na kwa kuwa bunduki haiingii hospitalini, achukue uzi, apime kutoka pembe ya jicho hadi kwenye kinundu akiwa amekaa mkao wake wa kulenga na bunduki haina risasi, akate uzi hapo, ampelekee mtaalamu na kumwambia: nataka kuona wazi mwisho wa uzi huu. Mtaalamu atafahamu.

Ya pili ni tundu. Jaribu, msomaji, hata sasa: kunja ngumi uache tundu dogo kama la sindano nene, uvue miwani, usome mstari huu kupitia humo. Herufi zitasimama. Tundu dogo huuzuia mwanga uliotawanyika na kuupitisha ulionyooka, kwa hiyo jicho lisiloweza kujirekebisha husaidiwa. Bunduki ya G3 ina gurudumu dogo nyuma lenye mwanya mmoja wa wazi na matundu matatu. Mzee anayetumia mwanya wa wazi kwa mazoea ataona tofauti akitazama kwenye tundu, ilimradi afundishwe na mkufunzi wake, maana kila tundu limewekewa umbali wake. Tundu lakini hula mwanga, na magharibi ikiingia faida yake hupungua.

Ya tatu ni mazoezi chini ya mwalimu. Kilengeo chochote, cha chuma au cha nukta, ni lazima kisawazishwe na mtutu kwenye uwanja wa shabaha. Kilichofungwa tu bila ya kusawazishwa ni urembo.

Amana iliyoko shingoni

Tumefika kwenye kiini. Mtume wetu (S.A.W.) alihimiza kujifunza kurusha mishale, na katika hadithi aliyoipokea Muslim ameifasiri nguvu kuwa ni kurusha. Lakini yeye yeye, katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, aliamuru anayepita msikitini au sokoni na mishale aishike vyumani ili asimjeruhi Mwislamu, na akakataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha. Ustadi na uangalifu vimekuja pamoja katika mafundisho yake, na anayeshika kimoja akaacha cha pili ameshika nusu.

Kadhalika alituhimiza tutafute dawa, akafundisha kwamba kila ugonjwa umewekewa dawa isipokuwa uzee. Tazama hekima hii. Lenzi kukakamaa kwa umri ni uzee, hakuna atakayeirudisha kuwa ya mtoto kwa matone ya dukani wala kwa mizizi ya mchuuzi. Mtu anaweza kuuzoea uzee kwa chombo kinachofaa, akaendelea na kazi yake. Hapana aibu humo. Anayevaa miwani amekiri alivyoumbwa. Ila anayeficha hadaa yake haimfikii yeye peke yake, humfikia yule mtoto anayetafuta ngamia.

Na iwapo chombo hakipatikani, au kimepatikana na hakitoshi? Basi amana ni kurudishwa kwa mwenye uwezo. Qur'ani imemwondolea lawama kipofu asiyekwenda vitani. Abdullah ibn Umm Maktum (R.A.), sahaba asiyeona, alikuwa muadhini wa Mtume, na wako wanahistoria waliosimulia kwamba katika vita vya Qadisiyya alishika bendera. Hakushika upinde, wala hakukaa nyumbani akijihesabu hana thamani. Abdullah ibn Abbas (R.A.) alipoteza macho uzeeni, na watu hawakuacha kwenda kwake kutafuta elimu. Mzee wa Lodwar aliyempa mwanawe nafasi bado anazijua njia zote za maji, nyayo za kila ngamia, na sauti ya kila jirani. Kijiji chenye busara kitamkalisha karibu na vijana wenye bunduki na kumwuliza: mzee, huyu anayekuja ni nani?

Lakini haki ni ya pande mbili. Mwaka 2019 Serikali iliwaondolea silaha polisi wengi wa akiba wa kaskazini ili wahakikiwe upya, na baadaye wakaajiriwa wengine. Katika kuhakiki huko huangaliwa tabia na nidhamu ya mtu. Ingefaa sana kuangaliwa pia macho yake, kila mwaka, naye apewe miwani pale inapomfaa, bila ya kutishiwa kwamba akisema kweli ataachwa yeye na mbuzi wake bila ya mlinzi. Maana pale ambapo kusema kweli huadhibiwa, watu hujifunza kunyamaza, na mzee wetu alinyamaza kwanza kwa sababu hiyo.

Na sisi majumbani

Huenda hujawahi kushika bunduki, wala sikuombei uishike. Lakini kila nyumba ya pwani ina mtu ambaye jicho lake ni amana ya wengine. Yuko dereva wa matatu anayetoka Malindi baada ya magharibi. Yuko nahodha anayeingiza chombo mlangoni mwa mwamba. Yuko mama anayempimia mtoto dawa kwa kijiko, na mwalimu wa chuo anayesahihisha herufi za watoto huku nukta za thaa na taa hazitofautishi. Hao wote hufika miaka 40, na wengi wao hunyamaza kama alivyonyamaza yule mzee.

Basi mfanyie hisani mtu wako. Aliyefika miaka 40 na apime macho, kisha arudie kila baada ya mwaka mmoja au miwili, hasa mwenye sukari, au ambaye wazazi wake walipata presha ya macho. Ukimwona baba anausukuma msahafu mbali, usimcheke, mnunulie miwani. Na ukimwona amekataa miwani naye bado anaendesha gari usiku, mwambie kwa adabu ile ile ambayo mtu humwambia mzee wake: baba, macho haya ni yako, lakini walioko barabarani ni watoto wa watu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atustareheshe kwa masikio yetu na macho yetu maadamu tu hai, awahifadhi ndugu zetu wa Turkana, wenyeji na wakimbizi, na mali zao na watoto wao, na atujaalie kuijua mipaka yetu kabla ya wengine kuumizwa nayo. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.